Kurasa Zilizoshonwa

Kitabu kile bado kinanuka kahawa mbichi. Juzi nilikifungua hapa Mpemba, mji mdogo karibu na mpaka, kwenye chumba ninachofundishia piano, nikimtafutia mwanafunzi wangu sonata yake ya kwanza, muziki wa piano wenye sehemu kadhaa. Harufu ikanirudisha Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, kanisani, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Mama alikuwa amezikwa wiki ile, nami sikulia. Si kwamba nilijikaza, la. Ndani hakukuwa na kitu, kama mguu uliokufa ganzi. Pale msibani shangazi alinifinya, akaninong'oneza, "Lia basi, mwanangu, watu wanatuangalia." Nikamwomba radhi. Jamani, kweli nilimwomba radhi.

Jumamosi nikaenda kanisani kwenye somo la piano, maana hakuna aliyeniambia nisiende. Mwalimu Nzowa, mama mmoja mjane aliyeipigia kwaya piano, alichagua sonata kama mtu anayemchagulia mtoto viatu: visimbane, na vibaki na nafasi kidogo. Alipima kiganja changu kwa chake, akaweka kando vitabu viwili, akanipa cha tatu. Sonata ya humo ilikuwa na sehemu ya haraka, ya polepole, kisha ya kurukaruka. Ile ya polepole ilikuwa kurasa mbili tu zinazotazamana, noti chache mno. Nilipoanza kuipiga akanishika mkono. Akatoa sindano mkobani, akazishona zile kurasa kwa uzi mweusi.

"Mbona hii ni nyepesi, mwalimu," nilisema.

"Vidole vyako vinaiweza. Wewe bado."

Iliniuma, na mwaka ule hakuna kingine kilichoniuma. Niliamini ameniona sifai. Nikazipiga zile sehemu mbili nyingine kwa hasira mpaka akanipa kitabu kiwe changu. Uzi sikuugusa, kiburi tu, nikingoja aukate mwenyewe. Alifariki kabla.

Juzi niliukata kwa wembe. Nilipiga mstari wa kwanza, na wa pili. Kwenye wa tatu mkono wa kushoto unanyamaza, wa kulia unabaki peke yake, na hapo nikamwita mama kwa sauti, mtu mzima mimi, malori yakipita nje kuelekea mpakani. Nililia sana. Mwalimu angeniacha siku ile, ningeipiga bila kosa na bila kusikia chochote, nikaizoea, ikaishia hapo.

Mwanafunzi alipobisha hodi nilifuta uso. Nikampa sonata ileile, sehemu zote tatu. Mama yake ndiye aliyemleta, amekaa pale mlangoni akimsubiri.