Mlango wa Dzigbordi

Siku ile Dzigbordi alinitia hasira tangu asubuhi. Nilimkuta anang'oa mlango wa nyumba yake kwa nyundo, mwanamke mzima, na huku mawimbi yanapiga ukuta wa jiko lake.

“Dada, umerukwa na akili?”

“Naenda kuunadi kwenye harambee,” akasema. “Usijali, utarudi.”

Hakukosea kusema hivyo. Harambee zetu hapa Keta, mtu akinunua kiazi kikuu hukirudisha kinadiwe tena, hata kiazi kimoja kiuzwe mara kumi na mwenyewe aliyekileta aende nacho nyumbani. Na siku ile tulikuwa tunachanga nauli. Kundi lake la watu wa kujitolea, hao wanaopiga kelele juu ya bahari inayopanda, lilikuwa limeitwa lifike Accra Jumatatu likawaeleze wakubwa wa serikali kwa nini tunataka ukuta wa mawe wa kuzuia maji. Wasipofika, zamu yetu imepita.

Pale harambee, akple, ugali wetu wa mahindi, na samaki vikaliwa vikaisha, kapu la michango likabaki jepesi. Watu hawana, utawakamua nini? Dzigbordi akauburuta mlango mbele, midomo imemkauka.

“Mlango wa mvule huu. Bahari haijauonja bado.”

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu akanunua, akaurudisha. Muuza nazi akanunua, akaurudisha. Kisha akasimama kaka yetu Agbeko, Efo tunavyomwita, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji mwaka jana, anaishi na mkewe darasani nyuma ya pazia. Akatoa noti zake zote. Nauli ikatimia, tukapiga makofi.

Agbeko akajitwika mlango kichwani, akaondoka.

“Efo, si unaurudisha?” muuza nazi akamwuliza.

“Nimenunua. Mke wangu anavua nguo nyuma ya pazia, watoto wa watu wanapita.”

Nilitaka kumfuata nimtukane. Dzigbordi akanishika mkono.

“Mwache. Kalipa.”

Jumatatu wakaenda. Mimi nikabaki kuilinda nyumba, khanga imetundikwa mlangoni. Jumatano Dzigbordi akarudi, miguu imemvimba. Wakubwa hawakuwaona, karani aliwaambia warudi baada ya mvua.

“Baada ya mvua na mawimbi yake wataniona wapi?” akatuuliza sisi tuliokuja kumpokea.

Akaingia ndani alie. Upepo wa bahari ukaipeperusha ile khanga. Akaivuta, ukaipeperusha tena, na tukamwona sote.