Siku Mama Alipoifukiza Timu

Begi la mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni lina harufu ambayo sijakutana nayo mahali pengine popote, nami nimeuguza wagonjwa na kulea watoto wawili. Si jasho tu. Ni jasho lililofungiwa gizani, likakauka, kisha likaloweshwa tena wiki iliyofuata bila kuona jua, mpaka likawa na umri wake na tabia zake. Katika nyumba yetu ya kupanga kule Sharpstown, kusini-magharibi mwa Houston, begi langu lililazwa nje kwenye roshani, mlango wa kioo umefungwa, na bado mama alidai kwamba linamfuata hadi jikoni. Mama yangu ni mtu wa Unguja. Amekulia katika nyumba ambamo shuka hufukizwa udi kabla ya kutandikwa, na ambamo mtu anayenuka hasengenywi kwa sababu hata kumtaja ni aibu. Mwenyezi Mungu akamjalia binti golikipa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Klabu yetu iliitwa Pilipili, na aliyeianzisha ni Ami Salim, Mmombasa mwembamba asiyejua kunyamaza, ambaye hakuwa ami wa mtu yeyote pale ila watoto wote tulimwita hivyo. Alikuwa amepata kazi kwenye uwanja wa barafu huko Stafford, kuendesha ile mashine kubwa inayopita juu ya barafu na kuilainisha. Mtu aliyekulia mahali ambapo barafu ni kitu cha kutiwa kwenye juisi ya ukwaju, leo anakabidhiwa uwanja mzima wa barafu autunze! Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kila alikokwenda, msikitini, dukani, harusini, habari yake ilikuwa barafu. Akagundua kwamba saa ya kwanza ya Jumamosi asubuhi uwanja ulikaa bure, kwa kuwa hakuna mzazi aliyekuwa tayari kuamka wakati ule. Akamwomba meneja saa hiyo kwa ajili ya watoto wa mtaa wetu, akapewa. Kwetu sisi wala haikuwa taabu. Familia za Kiislamu zilikuwa zimeshaamka kwa sala ya alfajiri, na Wakenya wa bara, ambao wengi wao walikuwa wauguzi, ndio kwanza walikuwa wanatoka zamu ya usiku, hawajalala bado. Saa iliyowashinda wengine ikawa ndiyo saa yetu.

Ami Salim alikuwa kocha, na hakujua kuteleza hata hatua moja. Alisimama ukingoni amevaa koti la baridi na makubadhi, akitupigia kelele za mambo aliyoyasoma kwenye simu. Vifaa vyetu vilitoka stoo ya uwanja, kwenye mabaki yaliyosahauliwa na watoto wengine miaka na miaka, na ndiyo maana nasema harufu ile ilikuwa na umri. Uongozi wa klabu uliendeshwa kama kamati ya harusi, kwa sababu hiyo ndiyo kamati pekee ambayo wazazi wetu walijua kuiendesha. Kulikuwa na mwenyekiti, makamu, msemaji wa upande wa Pwani na msemaji wa upande wa bara, na kamati ndogo ya chakula iliyokuwa kubwa kuliko kamati yenyewe. Walibishana wiki nyingi kuhusu jina. Wengine walitaka chui, wengine simba, na Mzanzibari mmoja alisema sisi simba hatumjui, tuiteni papa. Mwishowe wakakubaliana juu ya kitu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho jikoni.

Mimi nilifanywa golikipa kwa uamuzi wa mama. Kwanza alikataa katakata, akisema baridi ile itaniingia kifuani na ataniuguza mpaka uzee wake. Ami Salim akamwonyesha picha za wachezaji. Mama akazitazama moja moja, akaishia kwenye picha ya golikipa, aliyefunikwa kuanzia utosini hadi vidoleni, uso umo ndani ya chuma, miguu imo ndani ya magodoro. "Huyu ndiye amevaa vizuri," akasema. "Tena amesimama tu, wala hakimbizani na wavulana. Salma atakuwa huyu." Hakuna aliyethubutu kumweleza kwamba wale wengine wote wapo uwanjani kwa kazi moja tu, kumpiga huyu. Mpira wenyewe si mpira, ni kisahani cheusi kigumu kama kisigino cha kiatu, na nilikuja kuupenda mchezo ule kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa mtoto mwoga wa kila kitu, wa mbwa, wa lifti, wa mwalimu wa hesabu, lakini ndani ya zile nguo sikuogopa kitu. Nilizipenda Jumamosi kuliko sikukuu.

Basi majira yale ya baridi, Ami Salim akatuombea kuingia kwenye ligi ya vijana. Tukaambiwa tucheze mechi moja kamili na timu ya kutoka upande wa Dallas, mbele ya mama mmoja wa ligi atakayekuja kutazama kama kweli sisi ni klabu. Meneja naye, mtu mrefu aliyechoka daima, akasema tukikataliwa, saa yetu atawapa wengine. Na mama akaongeza lake. Alikuwa hajawahi kuja uwanjani, kwa kuwa Jumamosi asubuhi alikuwa kazini, kwa mzee mmoja aliyelipwa kumhudumia. Safari hii ameomba ruhusa. "Nakuja nione kwa macho yangu," akaniambia huku akinisuka. "Nikiona wanakuumiza, hapo hapo yamekwisha. Usinililie." Kwa hiyo asubuhi ile mimi nilikuwa na mitihani miwili, na niliuogopa zaidi ule wa mama.

Mama aliwasili mapema na kamati ya chakula, wamebeba birika, chapati na viazi karai. Akaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kunitazama, akasimama mlangoni. Nilimwona akivuta pumzi moja, kisha akaisitisha. Wageni wametoka Dallas, wamelala hotelini, wameamka alfajiri kwa ajili yetu, nasi tunawapokea kwa uvundo ule! "Jamani, aibu gani hii?" akasema. "Hata kama ni mchezo, mtu na heshima yake." Sisi wachezaji tukatolewa kwenda kujipasha moto, naye akabaki ndani na fulana za akiba, glavu na magodoro ya miguu ambayo hayakuwa na mwenyewe. Mama hakuwa mtu wa kusafiri bila chetezo. Alikitoa kwenye mkoba, akawasha makaa, akatia udi wa kutosha maharusi wawili, akavitandaza vile vitu juu ya benchi na chetezo akakiweka chini yake. Halafu akafunga mlango, ili moshi usipotee bure.

Tulikuwa ndio tunapanga mstari kupeana mikono na wageni king'ora kilipolia. Taa nyeupe zikaanza kumweka kwenye kuta zote, sauti ya mwanamke wa mashine ikatuamuru tutoke, na kutoka chini ya mlango wa chumba chetu moshi ulikuwa unatambaa, unanukia vizuri ajabu. Ami Salim akaelewa kabla ya wote. "Wallahi huu ni udi!" akapiga kelele, na sijui hadi leo kama alikuwa analaumu au anasifu.

Tatizo likawa viatu. Kiatu cha barafuni kina kisu chini yake, na ukitembea nacho juu ya lami kimekufa. Kuvivua ni kazi ndefu ya kamba, na king'ora hakingoji. Watoto tukasimama mlangoni tunatazamana. Ndipo Mama Njeri, muuguzi wa Kiambu aliyekuwa amesinzia kwenye viti na sare zake za hospitali, akaamka na kulishika jambo. "Aki nyinyi, mnaangaliana nini? Beba mtoto mgongoni! Kila mtu abebe!" Akageuka, akainama, akanipakia mimi na magodoro yangu yote kama gunia la waru, viazi vya kwao, akatoka mbio. Nyuma yake wakafuata mama wengine, na baba, na shangazi, na jirani waliokuja kwa ajili ya chapati tu. Wageni walikuwa wamekuja na makocha wawili na dereva tu, hivyo watoto wao wakabaki wamekwama. Kamati ya chakula ikarudi kuwachukua. Sitasahau nilichokiona kutoka mgongoni kwa Mama Njeri: mama zetu na buibui zao na mitandio, wamewabeba mgongoni wavulana wa Dallas wenye mabega mapana, vichwa vya chuma vinachungulia juu, magongo yanaburura chini. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko aliyembeba. Alikuwa ametulia kabisa, ameshika shingo, kama aliyebebwa hivyo tangu azaliwe.

Wazima moto wakaja, wakaingia na shoka, wakatoka na chetezo. Kiongozi wao alikishika kwa ncha za vidole akiuliza ni cha nani. Kila mtu pale maegeshoni akamtazama jirani yake. Mama akajitokeza, amejitanda mtandio wake sawasawa, akasema ni chake, na kwamba wangekingojea kidogo kingekuwa kimemaliza kazi. Meneja alikuwa mwekundu. Alisema haya ndiyo mambo asiyoweza kuyavumilia, kwamba saa yetu inakwisha, na baada ya leo hataki kutuona. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya boneti ya gari, nimevaa magodoro, nalia ndani ya kofia ya chuma ambako huwezi kujifuta machozi.

Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Mama hakubishana. Alirudi kwenye gari, akamjazia meneja sahani, akamletea pale pale alipokuwa anafoka, akasimama mbele yake mpaka akaipokea. Wakapewa wazima moto, wakapewa wageni, akapewa mama wa ligi, ambaye muda wote alikuwa ameegemea gari lake akitazama. Mtu hawezi kufoka vizuri na kiazi karai kinywani. Alipomaliza cha tatu, meneja akatazama saa, akasema kimebaki kipande cha muda, kama tunataka tuchezee hicho hicho.

Kipande hicho ndicho kilichotuokoa. Tungecheza mechi nzima, tungekuwa tunafungwa mpaka leo. Wavulana wale waliteleza kama walizaliwa na visu miguuni, na sisi tulikuwa na mtu mmoja tu wa maana, Njeri, binti wa yule muuguzi. Lakini adui yangu hakuwa Dallas. Adui yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Mara ya kwanza mpira ulipopigwa kuelekea kwangu, nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote duniani: "Kwepa, Salma! Kwepa mwanangu!" Nikakwepa. Goli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililelewa kusikia. Mara ya pili: "Inama!" Nikainama. Goli. Ami Salim akashika kichwa kwa mikono miwili. "Bi Rukia, nakuomba, huyu ndiye golikipa! Kazi yake ni kupigwa!" Mama akamgeukia polepole. "Kazi yake ni nini?" akauliza.

Hapo nikajua siri imetoka, na kwamba mchezo unaofuata ndio wa mwisho kwangu. Mvulana mmoja alichomoka peke yake, akaja moja kwa moja. Nilimsikia mama akisimama. Nilisikia jina langu likitoka kinywani mwake, lote, na la baba yangu, na la babu. Kwa mara ya kwanza maishani sikumtii. Nilibaki pale pale, na kile kisahani kikanipiga kifuani kwa kishindo kilichosikika hadi mlangoni, kikaanguka miguuni pangu, nikakilalia. Uwanja mzima ukalipuka, hata wale waliobebwa mgongoni. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetambulishwa kwangu.

Tulifungwa vibaya, na tukakubaliwa, naye meneja akatuachia saa yetu. Mama wa ligi alisema kwamba klabu nyingi hufa kwa kukosa wazazi, na kwamba yeye hutumia maisha yake kuwabembeleza watu waje. Hapa ameshindwa kuwaona watoto kwa wingi wa wakubwa. Akaweka sharti moja tu, lihusulo moto. Njiani kurudi Sharpstown mama alizungumza habari za viazi tu, nami sikuuliza hukumu yangu. Jumamosi iliyofuata niliamka alfajiri nikiwa na hotuba yangu ya kumwomba. Nikamkuta ameshavaa, begi langu ameshalipakia garini mwenyewe, madirisha yote manne yameteremshwa, ananipigia honi.

Siku hizi naishi Euless, karibu na uwanja wa ndege, nami ndiye katibu wa klabu ya watoto ya huku. Tuna kila kitu. Saa yetu ni nzuri, asubuhi jua likiwa juu. Vifaa ni vipya, kocha anajua kuteleza, na mashine maalumu hukausha glavu zisinuke. Watoto wetu wanashinda, tena wanashinda sana. Wazazi huwashusha mlangoni na kuondoka, na matokeo huwafikia kwenye simu kabla sijafunga daftari. Majira ya baridi yaliyopita mama alikuja kunitembelea. Nikamchukua nikimringia uwanja wetu, nikamkalisha kiti cha mbele. Tulikuwa wawili tu safu nzima. Alitazama mchezo kwa muda, akatazama viti vile vitupu, akaniuliza mama za watoto wako wapi.

"Wako kazini, mama," nikamwambia. "Maisha ya siku hizi yana kazi nyingi."

Mama akaurekebisha mtandio wake. "Na sisi, Salma?" akasema. "Sisi tulikuwa likizo?"