Wale Wazee wa Vinanda

Bendi ile ya Wamarekani niliipenda tangu nikiwa msichana Nakuru, kwenye kanda ya mjomba: vinanda vya umeme mbele, gita nyuma likijikaza lisikike. Wengine waliwacheka, eti muziki wa mitambo. Mimi niliwaamini kabisa, na nilipohamia Sweden, kanisani kwetu Tumba, kando ya Stockholm, niliketi kwenye kinanda kwa ujasiri wa kanda ile.

Kiongozi wa kwaya, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, hakuniamini hata chembe. "Ile mashine inajipigaka yenyewe," alisema mbele ya watu. "We unafinyaka tu." Alikuwa anatafuta mpiga gita achukue nafasi yangu, na hicho kiti ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho Stockholm ambacho hakikuhusu kupiga deki ngazi za watu. Kilikuwa changu, nami nilikipenda.

Kwa hiyo bendi ilipokuja kupiga mjini kiangazi kimoja, kwenye bustani, nilimwalika aje ajionee. Tulipanda treni, yeye na mkoba wake wa kanisani, mimi kichwa kimenivimba.

Wazee wakapanda jukwaani, vipara vitupu, mashati sare. Jamani, walipiga! Mmoja alikuwa na vinanda viwili, besi mkono wa kushoto, wimbo mkono wa kulia, jasho likimtiririka. Katikati ya wimbo mashine ya midundo ikanyamaza ghafla. Hakusita hata kidogo. Aliendelea huku akigonga mbao kwa mguu, na umati mzima ukamshikia mdundo kwa makofi. Machozi yalinitoka kwa fahari. Mama alikuwa amesimama, macho kwenye vidole vya mzee.

"Minaomba musamaha," akaniambia. "Ule anapiga na mikono yake yote mbili. Donc siku ya Yenga, nawe uzime ile ngoma ya mashine, watu wakusikie."

Nilikuwa nimejipalia makaa. Maana miaka minne yote mkono wangu wa kushoto ulikuwa na kazi moja, kubonyeza kitufe. Besi na midundo vilijipiga vyenyewe, kama alivyosema.

Jumapili, hiyo siku yake ya Yenga, nikazima. Nilipiga kwa mkono mmoja, sauti nyembamba ya aibu, hadi kwaya nzima ikageuka kunitazama. Nikaacha.

"Mama alisema kweli," nikawaambia. "Mkono huu haujui kitu."

Hakuna aliyecheka. Mama akaja, akaketi kando yangu, akakishika kidole kimoja cha mkono wangu wa kushoto na kukiweka kwenye noti ya chini.

"Anza na hii," akasema. "Ule muzee naye alianzaka na moja."