Sili ya Candida

Dada Candida usingemjua kwa maneno, maana hakuwa nayo. Ungemjua kwa kumwona akifunga kitu. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mjane, mfupi, hana mchezo. Chumbani kwake Buguruni hata kopo la sukari alilifunga kwa kifuniko, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, kisha akaufunga mfuko kwa mpira. Nilikuwa namtania kwamba sisimizi wa Buguruni wamemshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Hacheki. Ananiambia nikoroge maembe.

Tulikuwa wanawake sita, tunatengeneza achari uani kwa Mama Manan, Mhindi wa Kisutu. Zamani achari yetu iliuzwa Kariakoo kutoka kwenye mtungi mkubwa uliofunikwa kitambaa. Mteja anakuja na bakuli lake, anadondoshewa kidogo kiganjani, anaonja, akipenda anapakuliwa. Halafu biashara ya nje ikafunguliwa. Mwaka themanini na nane maduka ya Posta yalikuwa yamejaa achari ya Bombay yenye vifuniko vinavyong'aa, na mtungi wetu ukaanza kukaa wiki nzima. Manan, mtoto wa mama mwenye nyumba, akahangaika mpaka akapata duka moja Posta lililokubali kujaribu chupa sitini, kwa sharti kila chupa iwe na sili. Zikikubaliwa, tuna oda kila mwezi. Zikikataliwa, alituambia wazi, uani panafungwa na kila mtu ashike njia yake.

Candida akauliza hiyo sili ni nini hasa, maana kufunika anajua na kufunga anajua. Mama Manan akamweleza polepole kwamba ni kufunga kwa namna ya kumfanya atakayenunua ajue hakuna mwingine aliyefungua kabla yake. Mtu huyo hataonja wala hatatuona sura, ataamini tu. Candida akaomba zote afunge yeye. Alikaza kifuniko, akamimina nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kuzunguka ukingo, akabandika utepe wa karatasi, na juu ya utepe akaandika jina lake kwa herufi kubwa za shule.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumimina mafuta ya haradali juu ya achari kabla chupa haijaenda kwake. Nilitumia glasi. Asubuhi ya kupeleka mzigo, katikati ya kazi, niliigonga kwenye bomba. Nilisikia mlio mdogo, ti. Sikuitazama. Gari lilikuwa linakuja saa sita na nilikuwa na haraka, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuona. Nikaendelea kumimina.

Saa tano chupa sitini zilikuwa kwenye maboksi. Candida akaichukua ile glasi akaioshe, akasimama ghafla, akapitisha kidole ukingoni. Kipande kilikuwa kimetoka, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Akatafuta sakafuni, akatafuta bombani, akachuja kwa kitambaa mafuta yaliyobaki. Hakuna kitu. Na mimi natafuta naye, mnafiki mkubwa.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia huenda kimekwenda na maji mferejini. Nikamkumbusha kwamba wote tuna watoto, na mimi nina tumbo la miezi saba ambalo mwanamume mwenyewe kalikimbia. Sikumbembeleza, nilimfokea kwa sauti ya chini anyamaze.

Akasema, "Mdogo wangu, mtu atakula hii na wanawe umeme ukiwa umekatika. Hataona kitu. Atakuwa ameniamini mimi."

Akachukua kisu, akavunja nta ya chupa ya kwanza.

Manan alipoingia chupa saba zilikuwa wazi. Alipiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Candida anaendelea. Anamwaga kwenye sinia, anachuja, anapapasa kila kipande cha embe kwa vidole. Mama Manan akaitazama glasi, akavua bangili zake, akaketi chini kusaidia, na sisi wengine tukamfuata. Chupa ya ishirini, hakuna. Ya thelathini, hakuna. Pilipili inatuchoma mikono. Honi ikalia nje, na mwenye duka akaingia mwenyewe, akasimama mlangoni.

Kwenye chupa ya arobaini na tatu Candida akatoa mkono. Kidole kilikuwa kinavuja damu, na kile kipande kimenasa kwenye nyama. Jamani, nilitaka kulia, na mpaka leo sijui kama ilikuwa nafuu au aibu.

Mwenye duka akasema atatusubiri mpaka Ijumaa, lakini aliyefanya uzembe huu hataki kumkuta tena hapa. Manan akatugeukia, akauliza ni nani. Nilijua jibu lilikuwa langu. Nikafungua mdomo, nikaufumba, nikatazama miguu yangu iliyovimba.

"Zote nimezifunga mimi," Candida akasema.

Alisema akinitazama mimi, si Manan. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ningepata pa kujishikiza.

Manan akamwambia basi aende. Candida akanawa mikono, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akajitanda khanga yake. Akamuaga Mama Manan kwa adabu, akapita kati yetu, akatoka kwa miguu kuelekea Kariakoo.

Manan akatugeukia tena, akauliza nani mwingine anajua kuyeyusha nta. Nikanyoosha mkono.