Plagi Zilizopigwa Msasa Kila Jumamosi

Jumamosi ile niliondoka Nyalenda asubuhi bila mpango wowote. Nilikuwa nimechoka na chumba changu na kazi ya kupakua magunia. Tangu nilipoacha shule darasa la sita sikuwahi kukaa mahali mpaka watu wakanizoea. Nikatia blanketi na sufuria ndani ya gunia, nikafuata barabara ya Busia. Nikiwa Otonglo nanunua ndizi, dereva wa lori la mchanga akaniambia panda. Aliniteremsha Kisian, penye njia panda, nami nikashika ya Kombewa kwa sababu ile ya Maseno ilikuwa na mlima.

Jua lilipokuwa juu kabisa nikasikia stata ya gari ikilia ndani ya ua wa minyaa. Inalia, inalegea, inanyamaza. Mimi chombo kikikataa kufanya kazi siwezi kukipita bila kwenda kukitazama. Nilisimama langoni. Ndani palikuwa na gari dogo la Kifaransa, rangi ya maziwa, linang'aa hadi macho yanauma. Mzee mmoja aliyevaa ovaroli akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, una mikono? Njoo usukume."

Alikuwa amewaendesha wakubwa wa serikali miaka mingi, na alipostaafu akanunua gari hilo mnadani. Kila Jumamosi aliliosha, akalipiga polishi, akapaka tairi dawa ya viatu na kusugua matundu ya rimu kwa mswaki. Lakini tangu mvua za mwaka uliopita halikuwa limetoka nje ya ua. Lililala katika kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji, paa pekee lisilovuja katika boma lile.

Mkewe alikuwa akipepeta mtama mlangoni pa jikoni. Aliniita kabla sijagusa gari.

"Kijana, ujue unasukuma nini. Huyu mzee alisema kwa mdomo wake, Jumamosi hii isipowaka, itoke kwa hiyo nyumba. Mimi nataka mtu wa kukaa hapo. Watoto hawarudi, na shamba inanishinda."

"Itawaka," mzee alisema.

Tukasukuma mpaka langoni, tukarudi, tukasukuma tena. Wanawake wawili walipita na madebe ya maji kichwani.

"Yawa, mzee! Hiyo gari inaoga kuliko bwana yangu!"

"Na bwana yako, yeye anawaka?" mwenzake akamuuliza.

Walicheka hadi wakapotea nyuma ya minyaa, maji yakiwamwagikia mabegani. Mzee hakucheka. Alikuwa ameshafungua boneti.

Injini ilikuwa safi kuliko sahani nilizokuwa nikilia chakula. Nikaomba kuona plagi zinazotoa cheche. Alizifungua moja moja, akazipanga juu ya kitambaa.

"Hizi ni zile zile za mwanzo," aliniambia. "Sijabadilisha hata moja. Kila Jumamosi nazipiga msasa."

Ziling'aa kama vijiko vya wageni. Msasa ulikuwa umezila ncha, na palipotakiwa kuwa na uwazi mwembamba kama karatasi ili cheche iruke, ungeweza kupitisha ukucha wa kidole gumba. Yeye alikuwa akinitazama, anangoja nizisifu.

"Ni safi, Mzee," nikasema, na kweli zilikuwa safi.

Nikazigonga polepole kwa mpini wa kisu ili ncha zisogeleane, tukazirudisha. Akaingia, akawasha. Gari likakohoa, moshi ukatoka, kisha likanguruma. Mama aliweka ungo chini. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele, kama vile pale penye ghala la mahindi palikuwa na barabara. Halafu mngurumo ukapasuka, likazimika. Akajaribu tena mpaka betri nayo ikaisha. Tulisukuma hadi shati langu likawa la kukamua. Hakuna kitu.

"Baba, basi," mama alisema. Laiti angesema kwa hasira.

"Nipe Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo ndiyo hii."

Mzee alishika mlango kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, nami nikasukuma nyuma, tukalipeleka gari kando ya ghala, mahali pasipo na kitu juu. Mama akaingia kibandani na ufagio. Akatoa makopo, akatoa vipande vya mpira, akamwaga majivu juu ya doa la oili na kulifagia, lakini doa likabaki. Alipotoka alitazama gunia langu.

"Na wewe unalala wapi?"

"Bado sijui, Mama."

"Si ulale hapa tu. Utanisaidia shamba mpaka upate kazi huko Kombewa."

Miguu ilikuwa inaniuma, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa. Nikaingia. Nilitandika blanketi mbali na doa, nikatundika shati msumarini. Matone ya kwanza yakapiga mabati, makubwa, moja hapa, moja kule.

"Hodi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mzee alikuwa amesimama nje ya kizingiti, miguu pamoja, mvua inamwingia kwenye kola. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananingoja mimi.

"Karibu, Mzee."

Akaingia, akachukua magunia mawili ya kufunika boneti, akanishukuru, akatoka.