Maoni ya Wananchi, Mistari Miwili

Hakuna watu Cyangugu nzima waliojua kupiga makofi kama watu wa kwetu. Vita vilitufundisha. Mkubwa akiahidi dawa, tunapiga. Akitutukana, tunapiga. Akikohoa asafishe koo, kuna wenye haraka wanaanza. Mabomu yanasikika ng'ambo, upande wa Bukavu, na sisi tumo mkutanoni tunapiga makofi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na asiyepiga makofi miaka ile aliulizwa kwa nini.

Basi wakaja mabwana wa msitu. Magari mawili, mabuti mapya, na ramani kubwa iliyohitaji watu wawili kuishika. Walisema msitu wetu mdogo wa Cyamudongo unakwisha, sokwe wanakwisha, na serikali, kabla ya kuufunga, inataka kusikia maoni ya wananchi. Jamani, kusikia! Asubuhi nzima walisema wao. Tukaelezwa sokwe anavyokula, anavyolala, anavyohuzunika. Sisi, tuliokuwa tunawafukuza hao hao sokwe kwenye mahindi kila siku ya Mungu, tukafundishwa sura zao.

Msitu ulikuwa unakwisha kweli, sibishi. Wakati wa vita kila mtu aliingia na shoka, na mimi shoka nilikuwa nalo. Lakini mama yangu hakukata hata fimbo. Yeye alikuwa na mizinga saba ya nyuki humo ndani, mizinga ya matete iliyopakwa mavi ya ng'ombe, aliyoachiwa na baba. Baba alipokufa, asali ile ndiyo iliyomlisha yeye na wadogo zangu. Msitu ukifungwa bila kumwachia njia, basi, kwisha habari yake.

Mimi nilifanywa karani wa mkutano, kwa sababu nilijua Kifaransa cha shule na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilijiona muntu mukubwa, wee!

Mama akasimama. Katika sisi wananchi, ni yeye peke yake aliyesema neno siku ile.

"Mzee," akamwambia mkubwa wa wageni, "miye sikate miti. Nyuki bangu banakulaka maua tu. Muniache niingie mara mbili kwa mwaka, nivune, nitoke. Hata askari wenu anifuate, sina neno."

Watu wakampigia makofi. Mkubwa naye akapiga, anatabasamu. Mama akaketi uso unang'aa, akijua ameshinda.

Karatasi niliyopewa nijaze ilikuwa na sehemu ya maoni ya wananchi: mistari miwili. Nikamuuliza mkubwa niandike nini juu ya nyuki. Akatazama saa yake.

"Wamepiga makofi?"

"Wamepiga, Mzee."

"Basi andika wameafiki."

Nafasi ya nyuki ilikuwepo kama ningebana herufi. Sikubana. Niliogopa, na tena, aibu yangu, nilitaka aone Kifaransa changu kilivyonyooka. Nikaandika kwamba wananchi wote wameafiki kwa shangwe. Halafu soda zikaletwa, na zenyewe tukazipigia makofi.

Miezi michache baadaye msitu ukafungwa, na walinzi wakashusha mizinga yote saba, wakaipanga kando ya barabara, nyuki wameshafukuzwa kwa moshi. Mama hakulia. Akanikokota mpaka kwa mlinzi.

"Mutoto wangu ndiye aliandika," akamwambia kwa majivuno. "Toa karatasi uone. Nyuki bangu bamo."

Mlinzi, kijana mpole, akaitafuta kopi kwenye faili, akanipa nimsomee mama. Nikaisoma kimya, nikairudia, nadhani nilitegemea maneno yangezaliwa pale.

"Banasema nini juu ya nyuki?"

"Maman, hawakuandika."

"Ba nani hao?"

Akainama juu ya ile karatasi. Mama hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Lakini daftari zangu zote za shule alizitunza sandukuni, chini ya vitenge vyake, na kila mgeni aliyeingia nyumbani alionyeshwa.

"Huu ni mwandiko wako," akasema.