Namba Yake Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kujifanya mjanja, na ujanja wangu hunirudia. Nina duka dogo la kushona hapa mtaani Pioneer, na kwa miaka sita kiti cha pili kimekuwa cha dada mmoja kutoka Sudan Kusini. Hutarizi mashuka ya harusi kwa mkono, maua na tausi, polepole mpaka nikasirike. Niliwahi kumwambia hakuna bwana harusi atakayegeuza shuka akague uzi wa nyuma. Alicheka, akafumua ua zima akaanza upya.

Anaishi mjini kwa kibali cha mkimbizi cha kukaa nje ya kambi. Hukiomba upya kila mwaka, na mwaka huu cha zamani kiliisha kabla kipya hakijatoka. Aliambiwa asubiri. Lakini askari akimsimamisha wakati anasubiri, anaweza kurudishwa kambini, na binti yake yuko kidato cha nne. Mtihani haumngoji mtu.

Ndipo tukatangaziwa kanisani kwamba serikali inakusanya maoni kuhusu kanuni mpya: vibali vya muda mrefu zaidi kwa watu ambao nchi zao hazijatulia. Mkutano ungefanyika ukumbini kule Yamumbi. Mikutano hiyo naijua. Unatia sahihi, unakunywa soda, unarudi nyumbani ukiwa umeshirikishwa. Nilimshauri abaki dukani. Akasema ataenda.

Nilitangulia kufika. Mlangoni kulikuwa na fomu ya mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Sisi hutiliana sahihi bila aibu, tunaita kusaidiana. Nikaandika jina lake, na mbele yake nikaweka namba ya kitambulisho ya dada yangu wa damu anayeishi Chepsaita, ambaye hangejua kamwe. Chifu na askari wawili walikuwa hatua chache tu, wakizungumzia mahindi. Nikajipongeza.

Alipofika aliisoma fomu, kama anavyosoma kila karatasi.

"Mama, hii si namba yangu," akasema.

Nikamnong'oneza kwamba ni ya kujaza tu.

"Kama namba ni ya uongo, maneno yangu wataandika ni ya nani?"

Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika namba ya kibali chake, na tarehe kilipoisha, ingawa hakuna aliyeiuliza. Nilimkasirikia sana. Nilimwogopea pia.

Zamu yake ilipofika hakulia wala hakubembeleza. Alitoa pendekezo moja tu: kibali cha zamani kiendelee kutumika mpaka kipya kitoke, kwa sababu aliyeomba mapema hafai kuadhibiwa kwa kuchelewa kwa ofisi. Sisi wengine tulikuwa tumezungukazunguka hoja asubuhi nzima. Karani alimwomba arudie, ili aandike neno kwa neno.

Kisha chifu akaiangalia ile fomu. "Kibali hiki kimeisha," akasema. "Nani anamjua huyu mama?"

Ningependa kusema nilisimama mara moja. Sikusimama. Niliwaza leseni ya duka langu, nikawaza wale askari. Nikiwa msichana, familia yetu iliwahi kulala kwenye hema uwanjani mwa kanisa wakati wa vurugu, na tangu hapo nikisikia jina likisomwa kwenye orodha, hutafuta mlango ulipo. Yeye alikuwa bado amesimama, akimtazama chifu. Hakugeuka hata mara moja kuona kama kuna atakayemtetea.

Nikasimama. Nikasema tunafanya kazi pamoja miaka sita, na kwamba ile namba iliyokatwa niliiandika mimi. Chifu akasema basi mwenye kesi hapa ni mimi. Watu wakacheka. Akamwambia dada aje ofisini Jumatatu amwandikie barua ya kuthibitisha kwamba anasubiri kibali. Dada akashukuru, akauliza kama anaweza kuja mchana, maana asubuhi humsindikiza binti shuleni.

Barua aliipata. Kibali bado, na kanuni mpya hatujazisikia tena. Akisimamishwa leo, ana karatasi ya chifu tu mkononi. Njia fupi ya kwenda shuleni inapita mbele ya kituo cha polisi, na kila asubuhi wanapita hapo, mama na binti, bila kuharakisha. Iko njia nyingine ya kuzunguka nyuma ya soko. Mimi ningeifuata hiyo.